Kaza Zaidi, Kaza Zaidi: Yanayosemwa Kuhusu Kubana Seli za Haidrojeni

Tangu Kenya ilipozindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, habari ya kupasua maji kwa umeme imetoka kwenye madarasa ya kemia ikaingia kwenye meza za wahandisi na wanunuzi. Watu wanabishana kuhusu bei ya umeme wa jua na wa mvuke wa ardhini, kuhusu maji yatakakotoka, kuhusu iridi, madini adimu yanayopakwa kwenye anodi. Bolti zinazoishikilia seli hazina mbishi. Zikitajwa, husemwa mambo yaleyale machache kwa uhakika mkubwa, na mengi kati yake ni uongo au ni nusu ya ukweli.

Seli ninayoizungumzia ni ile yenye utando wa plastiki unaopitisha protoni, maarufu kama PEM. Utando wenyewe mara nyingi ni Nafion, plastiki iliyobuniwa na Walther Grot wa kampuni ya DuPont miaka ya 1960. Uso mmoja wa utando umepakwa oksaidi ya iridi, na hapo ndipo oksijeni inapotoka. Uso wa pili umepakwa platini iliyobebwa na kaboni, na huko hutoka haidrojeni. Juu ya kila uso hulazwa tabaka lenye matundu, la titani upande wa oksijeni na la karatasi ya kaboni upande wa haidrojeni. Kisha yanafuata mabamba yenye mifereji ya maji na gesi, na mwisho kabisa mabamba mawili mazito yanayovutwa pamoja na bolti. Ndani humo hakuna kilichochomelewa wala kilichogundishwa kati ya tabaka na tabaka. Elektroni inavuka kwa sababu vitu vimegusana, na vimegusana kwa sababu vimebanwa.

"Kadiri unavyokaza, ndivyo seli inavyofanya vizuri."

Hii ndiyo hoja mama, na ina ukweli wa kutosha kumpoteza mtu. Chukua seli iliyolegea, ikaze kidogo, na voltheji itashuka palepale ingawa mkondo haujabadilika. Nyuso mbili ngumu zikilazwa pamoja hazigusani kote. Hugusana kwenye vilele vidogo vidogo, na umeme wote hulazimika kupenya hapo. Ukiongeza kani, vilele vinabonyea, mahali pa kugusana panaongezeka, ukinzani wa mguso unapungua. Titani ina tatizo lake la ziada. Ikikutana na maji na oksijeni huota ngozi nyembamba ya oksaidi, ngozi ileile inayoilinda isiliwe, na ngozi hiyo haipendi kupitisha elektroni.

Faida ya mguso mzuri si ndogo. Kila kilo ya haidrojeni inadai chaji ya takriban ampia-saa 26,600, awe ametengeneza seli nani. Kwa hiyo kila milivolti 10 zinazopotea bure hula kilowati-saa 0.27 kwa kila kilo. Seli inayopitisha ampia 2 kwa kila sentimita mraba, yenye ukinzani wa mguso wa ohmu 0.01 kwenye eneo la sentimita mraba moja, hupoteza milivolti 20, yaani zaidi ya nusu kilowati-saa kwa kilo. Kwenye mtambo wa tani moja kwa siku, hizo ni kilowati-saa 530 kila siku zinazogeuka joto mahali ambapo vyuma vimegusana vibaya. Anayesema kubana ni jambo la fundi tu, halimhusu mhasibu, hajapiga hesabu hiyo.

Ila mstari wa ukinzani haushuki siku zote. Hushuka kwa kasi mwanzoni, halafu unalala. Ukishapita megapaskali chache, kinachobaki ni ukinzani wa utando wenyewe, na utando hauna kilele cha kubonyeza. Nafion 117 ina unene wa takriban mikroni 183 ikiwa kavu. Kuanzia hapo, bolti itakupunguzia ukinzani kwa njia moja tu: kuusaga utando uwe mwembamba. Nyuzi za titani huzama ndani yake, hasa zile zilizokatwa na kuacha ncha kali kwenye uso wa tabaka. Karatasi ya kaboni nayo huvunjika nyuzi, matundu yake yanaziba, na gesi inatafuta njia ya kutokea. Dawa ya oksaidi ya titani inajulikana, ni kuipaka platini au madini mengine yasiyooza. Spana haiwezi kufanya kazi ya rangi hiyo.

"Kitabu kimesema newtoni mita 5, nimekaza newtoni mita 5, mgandamizo uko sawa."

Spana ya torki inapima unavyohangaika kuizungusha bolti. Haijui kinachotokea kwenye utando. Kama asilimia 90 ya juhudi hiyo huishia kwenye msuguano, sehemu kwenye nyuzi za bolti na sehemu chini ya kichwa chake. Kinachobaki ndicho kinachoivuta bolti na kubana seli. Sasa tuangalie bolti ya milimita 6 iliyokazwa kwa newtoni mita 5. Ikiwa kavu, kwa kigawo cha kawaida cha torki cha 0.2, inatoa kani ya takriban newtoni 4,200. Bolti nane zinatoa kama 33,000. Paka nyuzi grisi, kigawo kishuke hadi 0.12, na kila bolti inatoa kama 6,900, zote nane zaidi ya 55,000. Spana haijabadilika, namba kwenye daftari haijabadilika, lakini kani imepanda kwa theluthi mbili. Watu wawili wanaolinganisha seli zao bila kuambiana kama nyuzi zilipakwa kitu hawalinganishi chochote.

Na hiyo kani nayo haiendi yote kwenye seli. Pembezoni kuna gasketi, na hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Tuseme karatasi ya kaboni ina mikroni 370 na gasketi inayoizunguka ni ngumu, ina mikroni 300. Unapokaza, karatasi inabonyea mikroni 70, kama asilimia 19 ya unene wake, mpaka bamba linapoigusa gasketi. Kuanzia hapo, nguvu yote unayoongeza inabebwa na gasketi. Utando hauipati. Kwa hiyo aliyeamua mgandamizo wa seli hiyo ni yule aliyechagua unene wa gasketi, na mwenye spana amekuja tu kufunga mlango. Gasketi ya mikroni 320 badala ya 300 inashusha mbonyeo hadi asilimia 13 au 14, na tofauti ya mikroni 20 ni ndogo kuliko unene wa unywele wa kichwani. Nimekuwa nikiona taarifa za majaribio zinazotaja torki kwa desimali mbili na kukaa kimya kuhusu gasketi. Taarifa ya namna hiyo siisomi mara ya pili.

Mpangilio wa kukaza nao una kesi yake. Fundi yeyote wa gari aliyefunga silinda hedi anajua hukazi bolti moja hadi mwisho ndipo uende kwa jirani yake. Unakwenda kwa msalaba, kwa awamu, kidogo kidogo. Seli inadai hivyohivyo kwa sababu ileile ya bamba kuinama. Na hata ukifuata mpangilio vizuri, bamba la mwisho likiwa jembamba litajikunja: pembeni, karibu na bolti, linabana sana, na katikati linainuka. Kuna karatasi maalumu inayogeuka nyekundu inapobanwa, nyekundu zaidi pale palipobanwa zaidi. Iweke ndani ya seli, kaza, fungua, utazame. Mara nyingi unakuta pete nyekundu inayozunguka pembezoni na doa lililopauka katikati, ilhali wastani wa kani uliopigiwa hesabu ni mzuri kabisa. Wastani haupasui maji. Kila sentimita mraba inafanya kazi kwa mgandamizo wake yenyewe.

"Ukishakaza, umemaliza."

Seli hukazwa ikiwa baridi, na mara nyingi ikiwa kavu. Hufanya kazi ikiwa imejaa maji na ikiwa na joto la nyuzi 50 hadi 80 za Selsiasi. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Nafion ikinywa maji huvimba, unene ukiongezeka kwa kama sehemu ya kumi kwenye joto la kawaida na zaidi kidogo kwenye maji ya moto. Mikroni 183 zinakaribia kuwa 200 au kupita, na kwa kuwa mabamba yameshafungwa, uvimbe huo unageuka kuwa mgandamizo. Joto linapopanda, plastiki hiyohiyo inalainika na kuanza kutambaa polepole kuelekea kwenye nafasi yoyote tupu inayoiona, yaani kwenye matundu ya titani na juu ya mifereji. Baada ya saa au siku, kani imeshuka ingawa hakuna aliyegusa bolti.

Ndiyo maana seli zilizobuniwa vizuri huwekewa washa za springi, zile za umbo la sahani, chini ya nati. Bolti tupu hushikilia umbali kati ya mabamba. Plastiki ikipungua unene, kani inapotea karibu yote mara moja. Springi hushikilia kani. Plastiki ikipungua, springi inajinyoosha kidogo na kuendelea kusukuma. Maabara nyingine huachana na bolti, zikabana kwa pistoni ya haidroliki au kwa mfuko wa presha, ili mgandamizo uweze kupimwa na kubadilishwa seli ikiwa inafanya kazi. Kwa mtu anayetaka kujua mgandamizo unafanya nini hasa, sioni njia nyingine ya kuaminika. Ukifungua seli kila unapotaka kubadilisha mgandamizo, kila unapofungua umebadilisha pia mahali nyuzi zilipozama.

"Mgandamizo unagusa ukinzani tu."

Anayesema hivi huwa amepima kwa masafa ya juu, yale ya maelfu ya hezi, akapata namba moja inayojumlisha utando na miguso, akaridhika. Namba hiyo ni ya kweli, ila haioni jambo moja muhimu linalotokea upande wa iridi.

Tabaka la kichocheo upande wa anodi ni jembamba, mikroni chache tu, na oksaidi ya iridi iliyochanganywa na plastiki ya kupitisha protoni haisafirishi elektroni vizuri kwenda kando. Tabaka la titani linaloigusa lina matundu ya makumi ya mikroni. Kwa hiyo chembe ya kichocheo iliyo chini ya chembe ya titani ina njia fupi ya elektroni, na ile iliyo katikati ya tundu ina safari ndefu ya kando kwa kando, na huenda isifanye kazi yoyote ya maana. Ukibana vizuri, titani inaufuata uso wa kichocheo, sehemu zinazogusana zinaongezeka, na iridi iliyokuwa imelala inaamka. Faida hiyo haionekani yote kwenye namba ya masafa ya juu. Huonekana kwenye voltheji ya mikondo midogo, pale ambapo ukinzani una sauti ndogo na kichocheo ndicho kinachoamua. Kwa bei ya iridi, gramu iliyopakwa ikalala bila kazi ni hasara ambayo mtu aliyepima ukinzani peke yake hatajua amepata.

Upande wa pili kuna suala la maji na gesi. Chini ya kingo za mifereji mgandamizo ni mkubwa, juu ya mfereji wenyewe ni mdogo au haupo. Karatasi ya kaboni inazama chini ya kingo na kuvimba ndani ya mfereji. Kwenye mkondo mdogo hilo halikusumbui. Kwenye mkondo mkubwa, mapovu yanayokosa njia yanaanza kuchukua nafasi ya maji.

"Seli yenye voltheji ndogo ndiyo iliyobanwa vizuri."

Hapa sina subira hata kidogo, kwa sababu hoja hii ina hatari ya kweli.

Tuchukue seli ya majaribio ya sentimita mraba 25, inayopewa ampia 50. Ikiwa nzima, inasoma volti 1.85 na kutoa haidrojeni ya karibu lita 0.35 kwa dakika, ikipimwa kwa nyuzi sifuri na presha ya kawaida ya hewa. Mtu anaikaza zaidi. Sasa inasoma volti 1.80. Furaha! Lakini kilichotokea ni kwamba uzi wa titani umepenya utando na kugusa kaboni ya upande wa pili, ukawa njia ya ohmu 0.2. Kwa volti 1.80, ampia 9 zinapita kwenye uzi huo bila kupasua hata tone la maji. Seli yenyewe imebaki na ampia 41, na ndiyo maana voltheji imeshuka, kwa kuwa inafanya kazi ndogo. Mita ya gesi sasa inasoma lita 0.29 hivi. Seli ya kwanza ilikuwa inatumia kama kilowati-saa 49 kwa kila kilo. Hii "nzuri zaidi" inatumia 58.

Kipimo cha kuigundua ni rahisi. Zima mtambo, acha maji yapite, halafu ipe seli volti 1.0. Kwa voltheji hiyo maji hayapasuki, kwa kuwa yanahitaji angalau volti 1.23 kwenye nyuzi 25. Mkondo utaruka mwanzoni kisha ushuke. Ukishuka hadi karibu na sifuri, salama. Ukikwama kwenye ampia kadhaa, kuna mahali elektroni zinapita moja kwa moja, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachoziba hapo.

Hata bila uzi kupenya, utando uliosagwa una deni lake. Haidrojeni hupenya utando kuelekea upande wa oksijeni, na kadiri utando unavyokuwa mwembamba, ndivyo inavyopenya zaidi. Mchanganyiko wa haidrojeni ndani ya oksijeni huanza kuwaka ukifika takriban asilimia 4 ya ujazo. Hatari huwa kubwa zaidi mtambo unapoendeshwa kwa mkondo mdogo, mawingu yakifunika paneli za jua kwa mfano, kwa sababu oksijeni inayotengenezwa inapungua huku haidrojeni inayopenya ikiwa karibu ileile. Fundi aliyesherehekea milivolti 15 alizookoa mchana wa jua kali hakuwa ametazama kipima gesi jioni.

"Haya yalishajibiwa kwenye seli za magari."

Yalijibiwa kwa seli za magari. Magari ya haidrojeni kama Toyota Mirai hutumia utando wa jamii hiyohiyo, ila kinyume chake: gesi inaingia, umeme na maji vinatoka. Pande zote mbili zina kaboni inayobonyea, na hofu kubwa ni maji kuziba njia ya hewa. Kwenye seli ya kupasua maji, kaboni haiwezi kukaa upande wa oksijeni. Voltheji ya hapo ingeila. Inakaa titani, ambayo kwa mgandamizo wa megapaskali moja au mbili haibonyei kiasi cha kutajwa. Mbonyeo wote unaangukia kaboni ya upande mmoja na utando. Utando wenyewe kwa kawaida ni mnene mara kadhaa kuliko wa gari. Kuichukua namba bora ya mgandamizo ya gari ukaileta huku ni kuazima kipimo cha mguu wa mtu mwingine.

"Presha ya gesi yenyewe itaibana seli."

Mitambo mingi ya PEM hutoa haidrojeni ikiwa na presha ya baa 30 hivi, ili kupunguza kazi ya kompresa. Baa 30 ni megapaskali 3. Kwenye eneo la sentimita mraba 100, hiyo ni kani ya newtoni 30,000, uzito wa kama tani tatu, na inasukuma mabamba yaachane. Bolti lazima ziibebe hiyo kwanza, ndipo kitakachobaki kiitwe mgandamizo wa seli na wa gasketi. Seli iliyokazwa kwa hesabu ya gesi isiyo na presha italegea siku ya kwanza ya kazi halisi, na gasketi ndizo zitakazotoa taarifa.

Kuna ukweli mdogo ndani ya hoja hii. Presha ikiwa upande wa haidrojeni tu, utando unasukumwa kuelekea kwenye titani, na mguso wa huko unaimarika. Lakini upande wa kaboni unapoteza mgandamizo, na utando unakandamizwa juu ya matundu na ncha zilezile tulizozisema. Anayetegemea gesi imfanyie kazi ya bolti ahakikishe kwanza uso wa titani yake ni laini.

"Hili ni tatizo la PEM, seli za alkali hazina shida hiyo."

Za zamani, ndiyo, kwa kuwa elektrodi zilikaa mbali na kitambaa cha kutenganisha gesi na maji ya alkali yakajaza nafasi. Zililipa kwa voltheji kubwa. Za sasa zimeondoa nafasi hiyo: wavu wa nikeli unalala moja kwa moja juu ya kitenganishi, kama Zirfon yenye unene wa mikroni 500, na nyuma yake mara nyingi huwekwa wavu mwingine wenye kunesa, kazi yake ikiwa kusukuma tu. Wavu ukipoteza mneso baada ya miaka ndani ya alkali ya moto, nafasi ya zamani inarudi kimya kimya, na mapovu yanaikalia. Mwenye mtambo wa alkali anayeona voltheji inapanda mwaka baada ya mwaka na kulaumu kichocheo, afungue seli moja apime kwanza unene wa wavu huo.